Kichupa Kilichofukizwa

Juzi mpwa wangu, anayesomea mambo ya maabara chuoni, alinionyesha picha ya kijikadi kidogo chembamba. Unadondoshea tone la mbegu za mwanamume, umeme kidogo unapita, kifaa kinakuambia kama mtu ana uwezo wa kuzaa au hana. Hakuna wa kuchungulia, hakuna wa kuona haya. Nilicheka mpaka nikakohoa. Garissa ya miaka ya tisini, mwanamume gani apimwe? Nyumba ikikosa mtoto, kosa ni la mke, basi.

Nilikuwa fundi wa maabara huko, mwanamke wa kutoka bara kati ya Wasomali, tena mwenye mdomo. Hadubini yangu ilikuwa moja, ya kioo cha kunasia jua, kwa sababu stima ilikuja ilipotaka. Watu waliniita daktari, na mimi sikuwasahihisha.

Siku moja wakaingia mke na mume kutoka Waberi. Mume alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mabega hayo, lakini alipojua mpimaji ni mimi akageuka akautazama ukuta. Mke ndiye aliyesema. Ndoa ina miaka sita, mtoto hakuna. Yeye amepimwa kila mahali, hana kasoro. Sasa mama mkwe amekuja kutoka Sangailu na neno moja tu: mwezi ukiisha, mke arudi kwao, mwanawe aoe mwingine.

"Abaayo, tusaidie," akaniambia, yaani dada.

"Na bwana amekubali kupimwa?"

"Mimi iko tayari," ukuta ukajibu.

Nikampa mke kichupa cha kioo. Nikawaeleza, macho yangu dirishani: jambo lenyewe lifanyike nyumbani, kati ya mke na mume, kwa adabu ya dini, kisha waniletee kilichopatikana, ndani ya kichupa, upesi kabla hakijapoa. "Na kichupa kiwe safi kabisa," nikaongeza, kujitia ujuzi tu. Kilikuwa kimeshachemshwa! Domo langu hili.

Kesho yake wakaja. Nikaweka tone, nikageuza kioo kuelekea jua, nikachungulia. Kimya. Hakuna aliyetikisa hata mkia.

"Wamekufa," nikasema. "Wote."

Ukuta ukashtuka. "Wote? Wamekufa na nini? Kiu?"

Wallahi kicheko kilinifika kooni, lakini nilipomwona mke amejishika kifua, nikakimeza. Nikachukua kalamu niandike matokeo. Ndipo harufu ikanijia. Nikakinusa kile kichupa. Moshi! Moshi mtamu wa vyombo vya maziwa ya ngamia.

"Mmekifanya nini kichupa changu?"

"Nimekisafisha," mke akasema, tena kwa fahari. "Si ulisema kiwe safi kabisa?"

Huko chombo cha maziwa hakiaminiwi kwa sabuni. Mwanamke anayejiheshimu hukifukiza kwa moshi wa mti maalumu, na maziwa hukaa siku kadhaa bila kuharibika. Naye, kwa heshima ya shughuli yenyewe, alikiinamisha juu ya moshi asubuhi nzima.

"Dada wee! Moshi unaoua wadudu wa maziwa, hawa watapona vipi?" Nilifoka, halafu nikajifokea mwenyewe, maana aliyetaka usafi ni mimi. Karatasi ya matokeo nikaichana. Mabega ya mume yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, uso bado ukutani.

Nikawapa kingine. "Msikioshe, msikifukize, msikiguse mpaka saa yake!"

"Na dua?" mke akauliza.

"Dua ombeni, lakini mbali na kichupa."

Baada ya siku chache walirudi. Mke alikuwa amekificha kichupa kifuani kisipoteze joto, anatembea mbio. Safari hii mama mkwe alikuja nao, akakaa nje kwenye benchi kungoja jibu.

Nikachungulia. Walikuwepo, alhamdulillahi, wako hai. Lakini wachache mno, na wavivu. Nikarudia mara ya pili, nikitamani kuona vingine. Nikawaambia ukweli.

Mume akageuka. Kwa mara ya kwanza niliuona uso wake. "Wacha niangalie mwenyewe," akasema. Nikampisha. Akafumba jicho moja, akawakagua kwa makini ya mtu wa sokoni. "Huyu amelala. Huyu anazunguka bure. Huyu ni mgonjwa." Akainama zaidi. "Huyu moja tu anaweza kutembea mpaka Wajir."

"Mmoja hutosha, Mungu akipenda," nikasema. "Lakini siwezi kukuahidi."

Aliinua kichwa polepole. "Kwa hivyo si bibi yangu."

"Si yeye."

Mke akamkamata mkono. "Tumwambie mama mashine imeharibika," akamnong'oneza. Kisha akanigeukia mimi. "Daktari, sema imeharibika." Moyo uliniuma. Ni yeye aliyekuwa anafukuzwa, na bado alitaka kumsitiri.

Mume akautoa mkono wake taratibu, akafungua mlango. Kisomali changu kilikuwa kidogo, lakini alichomwambia mama yake nilikielewa: "Hooyo, waa aniga." Mama, ni mimi.

Mama alimtazama mwanawe, kisha akamtazama mkamwana wake. Halafu akasogea kwenye benchi, akapapasa nafasi iliyobaki, akamwita akae. Na yule mwanamke, aliyebeba lawama miaka sita bila kumwonyesha mtu chozi, akakaa, akalia.