Niliunguza Kiyoyozi cha Dada, Nikamwachia Mchumba Wake Lawama

Jamani, nisikilizeni, ila msinihurumie. Mie ni mwongo. Nimemdanganya dada yangu wa tumbo moja mara mbili, macho makavu, na aliyelipa ni yeye.

Nina duka la spea za magari Kimara. Dada yangu, nitamwita Zuhura japo si jina lake, anaishi Goba, ni mjane, na kazi yake ni kupamba maharusi. Marehemu mumewe alimwachia gari la nyumba, lile lenye kitanda, jiko na kioo humohumo ndani, mtumba kutoka Japani. Dada akaligeuza saluni. Harusi za ufukweni zilipokuwa fasheni, bibi harusi anapambwa ndani ya gari, kiyoyozi kinapuliza, poda haiyeyuki. Wee! Watu walikuwa wanaligombania.

Sasa kile kiyoyozi kilitengenezwa kwa umeme wa Kijapani, ambao nguvu yake haifiki hata nusu ya huu wetu. Ilibidi kuwe na transfoma, boksi zito la chuma chini ya kitanda, la kuupunguza umeme kabla haujafika kule juu. Aliyelifunga ni fundi mmoja wa Mtwara, tumwite Hamadi. Mpole, maneno machache. Alikuja kufunga boksi, akarudi kuangalia boksi, akarudi tena kuangalia sijui nini, mpaka nikaelewa kwamba huyu haangalii boksi! Wazee wake wakaja kuposa. Dada akaanza kucheka tena, kicheko ambacho tulikuwa tumekisahau pale nyumbani.

Na mie? Mie niliona wivu. Ndiyo, naandika hivyohivyo. Tangu shemeji afariki, mwanaume wa ile nyumba nilikuwaga mie. Koki ikivuja, naitwa mie. Geti likikwama, naitwa mie. Sasa kila kitu ni "Ngoja Hamadi aje." Hata taa ya chooni, "Ngoja Hamadi aje"! Iliniuma, jamani.

Wiki ya harusi moja kubwa, kiyoyozi kikaanza ugonjwa. Kinawaka, kinanguruma kidogo, kinazima. Hamadi alikuwa kwao Mtwara, amefiwa na baba yake mdogo. Simu ya dada ilikuwa haipatikani, akanipigia mie.

"Shemeji, nilipoondoka niliona soketi ya nje ya gari inapata moto, nyaya zimelegea. Mwambie Zuhura asiwashe AC mpaka nirudi. Hiyo Jumamosi watumie feni tu."

"Sawa shemeji, ntamwambia. Poleni sana na msiba."

Sikumwambia! Nilichomwambia dada ni, "Wewe usihangaike, hiyo AC naimaliza mwenyewe." Nilitaka anione. Ndiyo akili yangu ilipoishia.

Asubuhi ya harusi tukaliegesha gari Mbezi Beach, tukavuta umeme wa ukumbini. Nikafungua chini ya kitanda. Boksi linavuma, na ukiligusa unatoa mkono. Nikajiambia, ugonjwa si ndio huu! Mie na umeme wangu wa betri za magari nikajiona injinia mzima. Nikalitoa boksi, nikazisokota nyaya kwa vidole, tepu nyeusi juu yake, umeme wetu wote moja kwa moja mpaka kwenye kiyoyozi. Ile soketi aliyoitaja Hamadi wala sikuitazama.

Nikawasha. Lo! Upepo ulitoka kwa kishindo. Dada akanipiga begani, "Mdogo wangu, kumbe unaweza!" Nikavimba kichwa, nikatoka nje kunywa soda.

Bibi harusi alikuwa ameshapakwa nusu uso. Tukasikia darini, pah! Moshi mweusi ukajaa garini. Yule binti akatoka mbio na khanga kifuani, uso nusu wa harusi, nusu wa kilio, mbele ya wakwe zake. Hakuumia, alhamdulillahi. Lakini shela lilikuwa limetundikwa mlemle ndani, likatoka limejaa masizi. Mama yake alipiga ukunga mpaka wapishi wakaacha masufuria.

Na hapa ndipo najichukia. Watu walipokuwa wanambembeleza binti, mie nikaingia garini kama nakwenda kuzima moto. Nikalirudisha boksi mahali pake, nikaliunga harakaharaka kwa tepu ileile. Nilijua kabisa ninachokifanya.

Dada akaja. "Nani kagusa humu?"

"Mie nimekaza soketi ya nje tu, dada. Kazi ya ndani yote ni ya Hamadi."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Hamadi aliporudi alipiga magoti, akachungulia chini ya kitanda, akavuta waya mmoja. "Zuhura, huu si mkono wangu. Mie sisokoti nyaya hivi. Tena nilishasema isiwashwe."

"Ulimwambia nani?"

Akanigeukia. "Shemeji, si nilikupigia?"

Dada akanitazama. Yaa Rabi, pale ningesema tu! Yangekwisha palepale, labda kwa matusi na kununiwa. Nikafungua mdomo, nikasikia unatoka uongo mwingine: "Ulinipigia kuniambia habari za msiba, bwana. AC hukuitaja."

Hamadi hakubishana. Alinitazama tu, kisha akafunga begi lake la vifaa. Dada akakuchukulia kule kunyamaza kuwa ndiyo kukiri. Vitu vya posa vikarudishwa. Na mie ndiye niliyetumwa kuvipeleka!

Miaka imepita. Majuzi mwalimu mmoja, mtu mwenye heshima zake, alileta posa. Dada akakataa. Nilikuwa jikoni kwake nakunywa chai nilipomuuliza kwa nini.

"Hamadi, mtulivu vile, alinidanganya kavukavu," akasema. "Huyu mwenye maneno mengi si atanimaliza?"

Nikakiweka kikombe chini. Nikamwambia. Yote. Boksi, tepu, simu ya Mtwara, yote. Nilingoja anitupie sufuria. Natamani angenitupia!

Alikaa juu ya kigoda akauliza, "Kwa hiyo Hamadi hakunidanganya?"

"Hakukudanganya, dada."

"Namba yake unayo?"

Nilikuwa nayo siku zote. Nikampa. Akapiga palepale, sauti juu, nikasikia kila neno. Akapokea mwanamke.

"Simu ya mume wangu, yuko kazini. Nani mwenzangu?"

Dada akafumba macho. "Mteja wake wa zamani tu, mama. Mwambie nimejua kwamba lile gari hakuliunguza yeye. Mwambie namwomba radhi."

Akakata. Akaosha kikombe changu, akakifuta, akakirudisha kabatini, na mie nimekaa palepale.

Nyie mnaosoma, kama kuna mtu mmemtwisha kosa lenu, iwe fundi, jirani au shemeji, msijidanganye kwamba litasahaulika. Nendeni mkaseme leo, mtukanwe, mnuniwe. Mie nilisema, ndiyo, lakini nilisema wakati Hamadi ameshakuwa mume wa mtu.