Bima ya Paka wa Bibi

Bima ya paka niliikata mimi, kwa pesa zangu za vitumbua, na hakuna aliyenituma. Nasema mapema kwa sababu mume wangu, akija mgeni yeyote, huanza hadithi na "mke wangu na bima yake", kama vile bima ndiyo iliyotutia taabuni. Iliyotutia taabuni ni chupa isiyofika urefu wa kidole changu.

Paka mwenyewe ni wa bibi yangu. Bibi kazaliwa Unguja, kaja Oman mtu mzima, na tangu babu afariki anakaa nasi Ibra, chumba cha mwisho, yeye na huyo paka. Dume la rangi ya chungwa, sikio moja limepinda. Babu ndiye aliyemwokota sokoni. Bibi akisali, paka hukaa pembeni ya mswala, na akimaliza tu humpandia mapajani. Anazungumza naye Kiswahili. Sisi wajukuu tukimjibu kwa Kiarabu anaudhika, paka hamjibu kabisa na hamuudhi. Nilikuwa najua, bila kuambiwa na mtu, kwamba huyu paka akifa bibi atabaki ganda tu.

Ndiyo maana nikakata bima. Huku kwetu mnyama ana bei au hana maana. Nilipompeleka ofisi ya mifugo kumchanja, mzee aliyeshika mbuzi kamba akaniuliza, "Na huyu anakamuliwa?" Foleni nzima ikacheka. Wakamchanja, lakini wakaniambia akiugua kweli nimpeleke Nizwa, kuna kliniki ya watu binafsi ya paka na mbwa. Nikauliza bei za Nizwa, nikashtuka. Basi lilipokuja tangazo kwenye simu nikalipa riali arubaini na tano za mwaka mzima, ikaja kadi nzuri yenye picha ya paka. Nikaitia kwenye pochi, nyuma ya kadi ya hospitali tuliyopewa kazini kwa mume wangu. Hiyo ya hospitali naijua, nimejifungulia. Unafika, unaionyesha, unaingia. Nikadhani kadi ni kadi.

Jumamosi moja asubuhi nikamkuta paka jikoni anatokwa na mate kama bomba bovu. Akajaribu kuruka kwenye kiti, akakikosa. Akatembea hatua tatu, miguu ya nyuma ikaenda upande wake. Siku mbili nyuma alikuwa amepigana nje, akarudi sikio limechanika, lakini sikio halimlevyi mtu.

"Bibi! Kala nini huyu?"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. "Sijui, mwanangu. Twende naye. Twende sasa hivi."

Nikamtia paka kwenye kikapu cha nguo chafu, nikamfunika kanga. Mtoto wangu wa miezi minane nikamfunga kwenye kiti chake nyuma, bibi akakaa naye, kikapu mapajani. Kutoka Ibra mpaka Nizwa unapita Sinaw, na siku hiyo kila lori la Oman lilikuwa mbele yangu. Mtoto analia. Paka halii, na hilo ndilo lililonitisha. Kipoza hewa cha gari kinapuliza kama mtu aliyechoka. Ndani ya gari kunanuka karafuu, lakini bibi ananuka karafuu siku zote. Anajipaka mafuta yake magotini asubuhi na jioni, nimekua na harufu hiyo, siisikii tena.

Mume wangu yuko Sur kazini, zamu ya siku kumi. Akapiga simu mara nne.

"Umefika wapi?"

"Njiani."

"Kwani lazima Nizwa? Si usubiri kesho ofisi ya mifugo ifunguliwe?"

"Wewe njoo ushike huyu mtoto halafu ndiyo unipe fikra. Kata simu."

Kwenye kioo nilimwona bibi anasoma dua midomo ikimtetema. Hakunisemesha njia nzima, yeye ambaye hawezi kupita duka bila kusema duka hilo zamani lilikuwa nini. Nikadhani ni huzuni.

Kliniki ilikuwa safi, baridi, imejaa watu na paka wao kwenye masanduku ya maana. Mimi na kikapu changu cha nguo. Daktari, bwana mmoja wa Kisudani, akamtazama paka akiwa papo hapo kikapuni, akamfunua macho, akasema lazima alazwe, atiwe maji mwilini, apimwe damu. Akaingia ndani kutayarisha. Binti wa kaunta akageuza kompyuta kuelekea kwangu.

"Riali mia na hamsini, malipo ya kwanza."

Nikatoa kadi, najivunia kabisa. Akaitazama mbele na nyuma.

"Hii hatupokei, dada. Unalipa wewe kwanza, halafu unawadai wao. Wakikubali wanakurudishia."

"Wakikubali?"

"Wakikubali."

"Sasa nimewalipa mwaka mzima kwa ajili gani? Ili wanitakie heri?"

"Mimi sijui, dada. Ukilipa, anaingia ndani."

Nilimtukana? Karibu. Nilisema kwa sauti kubwa hata mwanamke mwenye paka mweupe alimfunika paka wake masikio. Mnyama anakufa juu ya kaunta yenu na nyinyi mnasubiri mashine ya kadi! Mtoto akaanza tena kulia kwa sababu mimi nalia. Kwenye akaunti nilikuwa na riali sitini na mbili. Mume wangu hapokei tena, kaingia kazini ambako simu haziruhusiwi.

Bibi akanivuta baibui. "Nyamaza. Nipe nafasi."

Lazima nieleze kuwa bibi ndiye kijumbe wa upatu wetu. Wanawake kumi, jamaa na majirani, kila mwezi kila mmoja anatoa riali thelathini, zote anapewa mmoja, zamu kwa zamu. Pesa zinakaa kwa bibi, kwenye kitambaa, ndani ya mkoba ambao hauachi hata akienda chooni. Za mwezi ule zilikuwa za shangazi yangu, za kununulia mashine ya kufulia. Bibi akampigia palepale, spika wazi, maana hajui kuizima.

"Wee. Zamu yako naichukua mimi. Paka wangu yuko katika hali mbaya."

"Paka?" shangazi akasema. "Anafua nguo, huyo paka?"

"Nitakupa zamu yangu, mwezi ujao."

Shangazi akaguna. "Haya chukua, nitafua kwa mikono. Lakini akifa usinipe ngozi!" Halafu sauti ikabadilika. "Chukua mama, chukua. Mwambie huyo mtoto asilie, namsikia."

Dakika mbili. Bila fomu.

Bibi akafungua mkoba, akafungua kitambaa, akahesabu noti juu ya kaunta. Zilikuwa zimelowa pembeni, zinateleza. Binti wa kaunta akakunja pua. Karafuu ikajaa chumba kizima. Na daktari, aliyekuja kumchukua paka, akainama kikapuni, akanusa sikio lililochanika, akaniuliza kwa Kiarabu, "Harufu gani hii?"

"Ni ya bibi yangu," nikasema. "Ndivyo anavyonuka."

"Bibi yako hayumo kikapuni."

Nikageuka. Bibi ameshika ile chupa yake ya mafuta ya karafuu, kizibo kimelegea, inavuja mkobani juu ya pesa za watu.

"Nilimpaka sikioni jana asubuhi," akasema. Kwa Kiswahili, akinitazama mimi, si daktari. "Na jioni. Lilikuwa linatoa usaha. Nimewapaka nyote haya. Mama yako nimempaka. Wewe jino lako la kwanza kuuma, nimekupaka."

Nikamtafsiria daktari. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alisema kwa paka mafuta haya ni sumu, ini lake haliyawezi, na akijilamba anayanywa. Akasema vizuri ameambiwa. Akambeba paka ndani kwenda kumwosha, na mlango ukafungwa.

Nilitaka kumgombeza bibi. Maneno yote nilikuwa nayo. Saa mbili za njia, alijua! Lakini alikaa kwenye kiti cha plastiki na mikono yake ameigeuza viganja juu, haigusi chochote, hata mtoto alipomrukia hakumshika. Nikamwegemeza mtoto begani, na hasira ikabaki kifuani haina pa kwenda. Mpaka leo iko.

Paka alilazwa siku tatu. Akapona. Nikamlipa shangazi zamu yake kwa zamu ya bibi, na za bibi nazirudisha kwa vitumbua.

Kisha fomu ya bima. Kurasa tano, na swali moja katikati: je, mnyama alipewa dawa yoyote nyumbani bila daktari? Mume wangu karudi kutoka Sur, kajilaza kwenye takia.

"Andika hapana. Sema mafuta yamemwagika."

Ningeandika. Nasema kweli, kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Sauti ikatoka chumba cha mwisho:

"Hayakumwagika. Nilipaka kwa mkono wangu huu. Andika mimi."

Nikaandika yeye. Jibu lilikuja baada ya wiki, mistari miwili, hawalipi. Wenzangu wananiuliza, je, bima ya paka inafaa? Inamfaa aliyekwisha kuwa na mia na hamsini mkononi siku ya msiba, na akasoma kurasa zote kabla ya kulipa. Mimi sikusoma, na sikuwa nazo. Mwaka ulipokwisha sikuirudia. Nimeongeza jina la kumi na moja kwenye upatu, la paka, na wanawake wanaliita kwa heshima zote, bwana fulani, zamu yako Machi.

Lakini paka aliporudi hakumkaribia bibi. Anakaa upande wa pili wa chumba, anamtazama. Bibi ananawa kwa ndimu, kwa sabuni ya vyombo, kwa unga wa dengu. Wiki nzima. Halafu akaniita, akanipa chupa zake zote za karafuu, nne, nizitoe nyumbani.

"Na magoti yako?"

"Magoti yangu yana miaka themanini. Yatavumilia."

Hayavumilii. Namsikia akiinuka kutoka kwenye mswala, anashika ukuta, anaguna. Nimemnunulia dawa ya kupaka isiyo na harufu, haitaki, anasema nani ajuaye imetiwa nini. Jana tena nimegombana naye juu ya hilo, nimepandisha sauti, na yeye kaniwekea kidole mdomoni ninyamaze. Paka alikuwa amelala juu ya goti lile bovu zaidi, mzito, na bibi hataki asogezwe.