Mfereji Uliofungwa Utepe

Mimi si mtu wa kungoja, na siku ile walinitaka ningoje maji.

Dispensari yetu karibu na Kiptere ilikuwa imepata mfereji kwa mara ya kwanza. Sinki jeupe nje ya chumba cha kuzalishia, na mpini mrefu wa kusukuma kwa kiwiko, ili mwenye damu mikononi asishike kitu. Miaka yote hiyo mimi na muuguzi mwenzangu tulikuwa tukimwagiana maji kwa jagi kama watu wanaonawa kabla ya kula ugali. Asubuhi hiyo nilifurahi hata nikavaa viatu vya Jumapili. Lakini mfereji ulikuwa umefungwa utepe mwekundu. Wa kuukata ni mgeni rasmi, na mgeni rasmi alikuwa bado mjini Sosiot.

Tukaletewa mwanamume aliyejikata mguu kwa panga akipogoa michai. Nilipokuwa namalizia kumshona aliruka kwa uchungu, sindano ikapenya glavu ikanidunga kidole. Nilivua glavu nikaona damu, na mimi nilikuwa mjamzito wa miezi mitano. Ukidungwa hivyo hunyonyi kidole wala hukikamui. Unaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, upesi, halafu unapimwa na kuanza dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Nikakimbilia ndoo. Haina kitu. Maji yote yalikuwa yametumika kupiga deki, wageni wasije wakaona matope.

Nikatoka mbio. Mwenyekiti wa kamati yetu, mzee wa kanisa aliyevaa koti zito juani, akasimama mbele ya sinki.

"Sista, vumilia kidogo. Gari liko njiani."

"Mzee, nimedungwa na sindano ya mgonjwa."

"Pole sana. Lakini ukifungua wewe, mheshimiwa nitamwambia nini?"

"Mwambie ngojangoja huumiza matumbo, na langu lina mtu ndani."

Sikungoja jibu. Makasi yalikuwa kwenye sinia, yamepambwa maua. Nikakata utepe, nikasukuma mpini kwa kiwiko, na maji yakaja kwa nguvu, baridi ajabu, nikajisugua na sabuni mpaka viganja vikawaka. Kwaya ya akina mama ilikuwa imeambiwa ianze ikiona makasi. Basi ikaanza, nyimbo na vigelegele, na mimi pale nalia huku nacheka. Mwenyekiti alishika kichwa.

Mgeni alipofika alipiga makofi, akala, akaenda zake. Mgonjwa wangu alikubali kupimwa, na majibu yake ni siri yake. Mimi nilimeza dawa kwa kichefuchefu, na kila usiku niliweka mkono tumboni nikaomba. Mwenyekiti naye akawa akiniona anainamisha macho. Nikasema moyoni, huyu amenikasirikia, na mimi nimemkasirikia zaidi.

Siku kipimo changu cha mwisho kilipotoka safi nilipiga kelele hadi mwenzangu akaangusha trei. Nikafungua mlango niwatangazie watu, na kwenye benchi la wagonjwa nikamkuta mwenyekiti, mzima kabisa. Alikuwa amemuuliza mwenzangu ningepimwa lini. Akainuka, kofia mkononi.

"Sista, mtoto?"

"Tuko salama, mzee. Sote wawili."

Akaketi tena, akafunika uso kwa kofia, mabega yakaanza kutikisika. Nilikuwa nimemwekea maneno makali tangu siku ile. Nikakaa kando yake, nikamshika mkono.