Waya Uliochomolewa Bila Radi

Mathayo ndiye fundi wa mtandao chuoni kwetu Kilosa, na mimi Magreti ndiye mpishi. Amekulia milimani, na kwao radi ikinguruma mama anapaza sauti: chomoeni kila kitu. Kompyuta kasomea, lakini kwa radi bado ni mtoto wa mama yake. Tunamtania, naye anacheka.

Siku ya mtihani wa mwisho radi ilipiga, akachomoa kifaa cha mtandao. Mawingu yalipopita akakichomeka tena.

Kifaa kile kilimpa kila anayeingia mtandaoni namba: moja, mbili, tatu. Kompyuta ya ofisini ilihesabu matumizi kwa kufuata namba hiyo tu. Kumbe kikizimwa kinasahau, kinaanza tena moja. Asubuhi Imani, binti kutoka kijiji cha Zombo, alipata saba, akasoma kidogo, akazima simu, akaiacha kwangu jikoni na kwenda kwenye mtihani. Kifaa kilipowashwa upya, saba akapewa mtu mwingine. Kompyuta ikawafanya mtu mmoja: Imani yupo mtandaoni katikati ya mtihani.

Mwalimu Theodory, mkuu wa taaluma, akamfutia mtihani na kumrudisha kwao. Nilimwambia simu ilikuwa kwangu, juu ya kabati la unga. Akaniambia nirudi kwenye masufuria yangu. Jamani! Mama wa watu analima ufuta mpaka mgongo umepinda ili binti asome, halafu mtu mzima anaamini kompyuta kuliko mimi niliyeishika hiyo simu! Nilikasirika mpaka wali ukaungua, na sikumwomba mtu radhi.

Mathayo alipopata habari hizo alikagua, akaona kilichotokea, akaenda kusema wazi kwamba aliyechomoa ni yeye. Akarekebisha pia: sasa kila namba inaunganishwa na tarehe na saa kifaa kilipowashwa, haijirudii hata umeme ukikatika. Theodory akamshukuru. Na Imani? Eti matokeo yameshafungwa, arudie mwaka. Yaani mtambo umepona, mtoto ndiye aumie!

Kesho yake anga lilikuwa jeupe, hakuna wingu. Mathayo akachomoa waya, akaukunja, akaupakata. Kazi zote ofisini zikasimama. Theodory akatoka kuuliza radi iko wapi.

"Imani hajarudi," Mathayo akamjibu.

Mchana gari la chuo likaenda Zombo. Mimi nilipanda bila kualikwa. Tulimkuta Imani anapepeta ufuta na mama yake. Akatuamkia shikamoo, akamsogezea mwalimu kigoda. Theodory akaitikia marahaba, akasema arudi Jumatatu afanye mtihani, mtambo ulikosea.

Imani akaweka ungo chini. "Mtambo haukuniita mwizi wa mtihani, Mwalimu. Wewe ndiye uliyeniita."

Theodory akaangalia viatu vyake. Jumatatu Imani alifanya mtihani, akafaulu. Radhi ya Theodory mimi bado naisubiri, na mpaka itoke, chai yake naipeleka bila sukari.