Siku Niliyopiga Msondo Kwenye Fatiha

Aibu hii nilitaka kuondoka nayo duniani bila kumsimulia mtu, na hata sasa nikiianza mashavu yananiwaka moto, lakini kwa vile wanawake wa Mambrui wameshaifikisha mpaka Marafa, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (juzi nimeambiwa ati nilipanda juu ya meza, uongo mtupu), naona bora muisikie kwangu mimi mwenyewe niliyefikwa.

Kwanza mnijue. Mimi Zaituni ni kiziwi. Sikio la kushoto lilifunga kabisa nilipougua homa ya uti wa mgongo ningali mtoto, na la kulia limebakiwa na usikivu kidogo tu, ambao bila ile mashine yangu ya sikio ni sawa na kusikiliza watu wanaozungumza nyumba ya pili na wewe umejifunika blanketi. Na mimi huyo huyo ni mpiga msondo, ile ngoma ndefu ya chakacha, kwenye maharusi ya wanawake hapa Malindi. Watu wakisikia hivyo hucheka, kiziwi na ngoma wapi na wapi, lakini jamani ngoma haiji kwa masikio peke yake. Msondo unaniingia magotini ukapanda kiunoni, zile ngoma nyingine nazipata kwa nyayo nikikaa miguu mitupu kwenye sakafu, na mwimbaji namtazama mabegani, maana hakuna anayeimba bila kuvuta pumzi, na pumzi ikivutwa mabega hupanda.

Tatizo langu halikuwa ngoma, lilikuwa watu. Kikundi nilichokuwa nacho mwanzo, walipojua habari ya sikio langu, hawakunifukuza, la, waliacha tu kuniita kwenye shughuli. Kwa hivyo Bi Nuru aliponichukua katika kikundi chake (Bi Nuru ndiye mwimbaji na mkubwa wetu, mwanamke wa maneno machache na macho makali), nikaamua sisemi kitu. Mashine naificha chini ya mtandio, nacheka wengine wakicheka, mambo yanakwenda.

Sasa ile mashine ina tabia yake moja mbaya. Ikibanwa hupiga mluzi, fiiiii, mwembamba kama wa mbu aliyekasirika, na nyinyi mnajua shughuli zetu za wanawake, hufiki mlangoni ila umekumbatiwa na umma mzima. Harusi iliyotangulia mama mmoja alinikumbatia, mluzi ukalia, naye akaanza kupiga kelele, "Simu ya nani hiyo? Si tumesema simu marufuku?" na wakapekuliwa watu watatu wasio na hatia, na mimi nimesimama pale nawasaidia kutafuta.

Basi siku ya harusi ya Salha, kule Mambrui, nikaona nisijitie mashakani. Kabla hatujaingia ukumbini nikaivua mashine, nikaiviringisha kwenye kitambaa, nikaitia mkobani, na mkoba ukachukuliwa kuwekwa chumba cha ndani pamoja na mikoba mingine. Uamuzi mdogo tu. Nilikuwa nazijua nyimbo zote za Bi Nuru, na magoti yangu ninayo, nikataka nini tena?

Nilipoingia nikakuta sakafu yote imetandikwa mazulia mazito, mazulia ya kuzama mguu, yaani nyayo zangu hazipati ila kidogo sana. Halafu kiti cha bibi harusi, na maua yake na mapazia yake, kimewekwa katikati yangu na Bi Nuru, simuoni hata ukosi. Ningeweza kusema, "Samahani, nisogezeeni kiti." Lakini wangeuliza kwa nini. Nikafumba macho, nikaanza kupiga kwa kumbukumbu.

Na nilipiga! Wallahi siku ile mikono yangu ilikuwa na raha zake. Niliyoyakosa nilikuja kuhadithiwa baadaye. Shangazi yake Salha, Bi Maimuna, mama mnene mwenye heshima zake, alichukua kipaza sauti akasema, "Jamani tunyamaze kidogo. Kabla hatujaendelea tumsomee Fatiha marehemu mama yake Salha, aliyekuwa akiitamani sana siku hii." Bi Nuru akanyamaza. Ngoma nyingine zikanyamaza. Ukumbi mzima ukanyamaza, watu wakainamisha vichwa, wengine machozi yakaanza kuwatoka.

Mimi msondo.

Nilihisi kama wenzangu wamelegea, nikajiambia hawa leo wamechoka mapema, wacha niwabebe, nikazidisha. Nikafumbua jicho moja kuona watu wanavyocheza, na nini naona? Wanawake wote wa ukumbi ule wameinua mikono, viganja wazi! (Mwaelewa? Wako kwenye dua. Mimi nikadhani wanataka zaidi.) Nikasema moyoni, Zaituni leo umewapata, na nikaanza kuweka na madaha ya mabega. Mara namuona Bi Maimuna anakuja kwangu mbio, mdomo wazi, anasema neno moja tena na tena. Alikuwa anasema, "Basi! Basi!" Lakini kwa mtu anayesoma midomo, b na m ni mapacha, na mimi nikasoma "Masha… Masha…" nikajua ananiambia Mashallah. Nikamjibu kwa sauti kubwa (maana nikiwa sina mashine sijui sauti yangu inafika wapi), "Ahsante mama! Bado, hamjaona kitu!"

Ni Bi Nuru aliyekuja kunikamata mikono.

Ndipo nikaziona nyuso. Sijapata kutazamwa vile na watu wengi hivyo kwa pamoja. Na pale kitini, chini ya mtandio uliomfunika uso, Salha mabega yalikuwa yanamtetemeka, na mimi ni msomaji wa mabega, nikajua nimemliza bibi harusi mbele ya watu, na kwa ajili ya nini sijui. Bi Nuru akawa ananiuliza kitu na mimi simpati, midomo yake ilikuwa imekazana kwa hasira, na kichwani mwangu lilibaki wazo moja tu, nilipate sikio langu. Nikasema, "Mkoba wangu."

Bibi mmoja mtu mzima akajisukuma mbele akanitazama machoni. "Huyu kapandwa," akasema. "Ngoma imemwita pepo."

Kabla sijajua linalosemwa nimemwagiwa marashi usoni. Machoni, jamani! Sasa mimi si kiziwi tu, ni kiziwi na kipofu, midomo ya watu siioni, na chini ya pua nimeletewa chetezo kinafuka udi, nakohoa, na yule bibi amenishika kichwa kwa mikono miwili, ananipigia kelele sikio la kushoto, lile lililokufa.

"Wataka nini? Sema tukupe umwache mwana wa watu!"

Na mimi kwa uchungu wangu, "Mkoba! Nipeni mkoba!"

Yule bibi akawageukia wenzake. "Huyu ni pepo wa mjini," akawaambia. "Wa kwetu hutaka halua."

Ikaletwa mikoba. Nikawekewa mapajani mkoba wa kwanza, nikaupapasa, una vishanga, si wangu, nikausukuma. "Hautaki huo, leteni mwingine!" Nikapewa wa pili, nikausukuma, na wa tatu, na nimeambiwa kulikuwa na mama mmoja pembeni akilia, "Ule wangu msimpe, una funguo za nyumba!" Mwisho mkono ukagusa zipu mbovu, nikaujua, nikaufungua, nikaitoa mashine yangu na kuipachika sikioni, na kwa kuwa bibi alikuwa bado amenibana kichwa, ikalia fiiiii ndefu ya ajabu.

Bibi akaniachia akaruka nyuma. "Katoka! Nimemsikia akitoka!"

Na sauti ya kwanza iliyonifikia baada ya yote yale ilikuwa vigelegele.

Ningeweza kunyamaza, mjue. Pepo ametoka, kila mtu kafurahi, ningesema alhamdulillahi nikarudi kwenye ngoma yangu. Lakini macho yalikuwa yananiwasha, nimelowa marashi mpaka kifuani, na nilimuona Salha bado anatetemeka, nikashindwa. Nikauondoa mtandio upande mmoja, nikawaonyesha. "Sina pepo. Mimi ni kiziwi. Sikusikia. Sikusikia kitu, nisameheni."

Minong'ono ikaanza. Mmoja akasema, "Kiziwi? Na apiga ngoma vipi?" Mwingine akasema kama ndivyo basi tangu mwanzo amepiga makosa, na mwenzake akamwambia, "Makosa gani, wewe si ulicheza mpaka kiatu kikakutoka?" Bi Maimuna akaniinamia akapiga kelele kwa nguvu zake zote, "WASIKIA SASA?" na mimi nikaruka, maana mashine ikiwa ndani sauti ile ni kama honi ya lori.

"Nasikia, mama. Sema pole pole tu."

"Leo," akasema, "leo umepiga chakacha kwenye Fatiha ya wifi yangu."

Hapo ndipo nilipotamani yale mazulia yanimeze. Nikapiga magoti. Nikaanza kumuomba radhi na yeye, na bibi harusi, na Bi Nuru amesimama tu nyuma yangu, nikajua kikundi hiki nacho sitaitwa tena.

Salha akauinua mtandio. Uso wote umeloa machozi, wanja umeshuka mpaka mashavuni.

"Shangazi, mwache. Mie silii." Akajaribu kuvuta pumzi, akashindwa. "Nacheka! Tangu alipokuwa asema hamjaona kitu… Wallahi sijacheka hivi tangu mama alipokufa. Na mama mwenyewe angalikuwapo, wewe wamjua, angalicheka mpaka akakaa chini."

Bi Maimuna alimtazama. Nikaona kidevu kinamcheza. Halafu yule mama mwenye heshima zake alikaa chini kweli, kwenye zulia, pembeni yangu, akafunika uso kwa kanga, na nilipodhani analia nikasikia (nilisikia, jamani, kwa sikio langu) kicheko kinachofanana na kwikwi, na ukumbi mzima ukamfuata.

Fatiha ilisomwa upya, na nilipoinua viganja na wenzangu moyo ulikuwa umetua kama mtu aliyetua ndoo ya maji.

Bi Nuru alinivuta kando. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa hutaniita tena."

Akanitazama kwa yale macho yake. "Miezi yote hii nakusemesha umenipa kisogo na hunijibu, mie nimekuwa nikisema huyu ana kiburi. Mwezi huu ningekuacha, na si kwa sikio. Kwa kiburi." Akatikisa kichwa. "Haya, wataka ukae wapi?"

Nikamwambia. Likakunjwa zulia chini ya miguu yangu, kikasogezwa kiti, nikayaona mabega yake, na tukapiga mpaka watu walipokumbuka kwamba bibi harusi ana mume anayemsubiri.

Tangu siku hiyo nimeapa, sijifichi tena. Nikifika kwenye shughuli namtafuta mwenye shughuli kwanza, namwambia mimi ni kiziwi, ukitaka ninyamaze njoo unishike mkono, usinipungie na usinipigie kelele. Wengine hushtuka, wengine hunijibu kwa kupiga kelele hapo hapo, na mmoja kule Magarini aliniuliza kwa upole kama mimi ndiye yule mwenye pepo anayependa mikoba. Nikamwambia ndiye, mama, uchunge wako.