Kanda za Kaka Oswadi

Nakumbuka siku moja ya upepo kule Mwimbi, Mwanangu, siku tuliyoanua matanga ya kaka yangu Oswadi, nami nikiwa msichana mwenye mdomo kuliko akili. Usicheke. Mdomo huo umenifikisha mbali, ila siku hiyo nusura uniponze.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na bidhaa zikaanza kumiminika kutoka mpakani Tunduma, maduka ya mtaa wa Majengo yakajaa redio za kaseti. Vijana wote wa Sumbawanga walitaka dansi. Kaka yangu alinunua kinanda cha mtumba na redio ya kurekodia, akaenda kurekodi upepo. Naam, upepo! Aliingia ndani ya tanuri la udongo ambamo wazee wetu Wafipa waliyeyushia chuma, lile lililosimama juu ya shamba letu, akanasa mvumo wake. Akachanganya na kengele za ng'ombe wa majirani zetu Wasukuma, na nyungo za akina mama wakipepeta ulezi, kisha chini yake akaweka sauti moja ndefu ya kinanda, taratibu, kama ukungu unavyopanda asubuhi. Hakuna ngoma, hakuna maneno, hakuna kiitikio. Watu walimcheka mpaka alipougua, na alipokufa walikuwa bado wanacheka. Mimi niliupenda muziki ule kuliko nyimbo zote za redioni.

Sasa, kwetu mali ya marehemu hugawanywa matanga yakianuliwa. Zamu ya boksi la kanda zake ilipofika, baba mdogo Linusi, aliyesimamia mgawo, akasema, "Hizi wapewe vijana warekodie dansi. Kanda nzima hizi, zisikae bure."

Kanda siku hizo ilikuwa lulu, nami niliwaelewa. Lakini nakala nyingine haikuwepo popote. Wakirekodi juu yake, kaka yangu angekufa mara ya pili.

Niliruka kama niliyekalia siafu. Nikawaambia wazee hawana masikio, nikawaambia na mengine ambayo sitayarudia mbele yako. Ua mzima ukanuna. Asiyekuwepo na lake halipo, nami niliyekuwepo ndiye niliyekuwa nalizika lake kwa mdomo wangu.

Bibi yetu akagonga fimbo chini. "Wewe binti, kaa! Unawauzia watu asali huku unawatukana? Kizuri chajiuza. Waache wasikilize kwanza."

"Bibi, upepo wa hapa utaimeza sauti."

"Basi ipeleke alikoitoa."

Nikabeba redio na boksi la kanda hadi kwenye tanuri, wazee wakinifuata kwa manung'uniko, nikaiweka redio ndani na kuiwasha.

Tanuri lote likavuma. Upepo wa kwenye kanda ukakutana na upepo wa siku ile, usijue upi ni upi. Manung'uniko yakakatika. Mtoto aliyekuwa akilia mgongoni tangu asubuhi akanyamaza. Jirani yetu Mama Festo akashika mdomo. "Jamani, huo ungo ni wangu! Mimi ndiye ninayepepeta hapo!" Tukacheka, kisha tukasogea karibu zaidi kusikiliza. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Baba mdogo Linusi alikuwa ameweka kiganja kwenye ukuta wa tanuri. Baba yake aliyeyusha chuma pale pale. Alilia, tena waziwazi. Upande wa kwanza ulipokwisha akaniuliza, "Binti, nasikia kanda ina mahali ukivunja hairekodiki tena?"

Nikamwonyesha vile vijino viwili vya plastiki kwenye mgongo wa kanda. Kaka hakuvivunja kwa sababu alikuwa bado anairekebisha kazi yake, na mimi sikuruhusiwa kugusa kitu kabla ya mgawo. Baba mdogo akachomoa kisu chake. Akavunja cha kwanza, pa! Cha pili, pa! Vigelegele vikapasuka. Wazee wakapanga foleni, kila mmoja akitaka kuvunja vijino vya kanda mojawapo, na wale vijana wa dansi ndio waliobeba boksi kurudi nyumbani. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo.

Hadi leo, mama wa Mwimbi akitaka kumlaza mwanawe utamsikia Oswadi, sasa ni kwenye simu.

Kwa hiyo, Mwanangu, ukiwa na kitu chema usikitetee kwa matusi. Kipeleke mahali kitakaposikika, halafu unyamaze, hata kama kunyamaza kunakuuma. Na ukifanya kazi ambayo watu hawajaizoea, ifanye hivyo hivyo, usiitie ngoma ili wakupende. Waliomcheka kaka yangu ndio waliomlinda.

Mungu akupe masikio marefu na subira ndefu zaidi. Akupe kazi ya kuacha nyuma yako, na siku utakapoiacha, asikose mtu wa kukuvunjia vijino.