Simu Niliyoifungia Waifai

Admin, jina langu lifiche, maana mtaa huu wa Milanzi tunajuana. Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili. Kazi yangu ni kuchapa na kuwajazia watu fomu za maombi mtandaoni, hapa hapa sebuleni, ndiyo maana nikafunga ruta ya waifai. Nimechoka, ndugu zangu. Naandika hivi hata chai sijanywa.

Ruta ilipoingia tu, majirani wakaanza kuomba nywila kama wanavyoomba chumvi. Ukimnyima mtu unaambiwa una roho mbaya, basi nikawa natoa. Mwisho mtandao ukawa unakokota, fomu ya mteja inagoma katikati, na wa kusemwa ni mimi. Nikamwita fundi. Akanifundisha kuingia kwenye ukurasa wa ruta kwa simu, kubadili nywila, kuona orodha ya simu zote zilizojiunga, na kumfungia nisiyemtaka. Nywila mpya nikampa mume wangu peke yake. Nikamwambia, "Baba Neema, hii usimpe mtu, hata dada yako." Akacheka, "Nimpe nani wakati mimi nashinda Namanyere?" Ni mtunza stoo kwenye ghala la mtu huko, anaondoka na basi la alfajiri, anarudi jioni.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, nikaona simu ngeni kwenye orodha. Haina jina, tarakimu tupu. Yangu ipo, kompyuta ipo, sasa hii ya nani? Jamani, nilikasirika! Nikajua wameshaiiba tena nywila. Nikaifungia, nikasonya, nikaendelea na kazi. Hazikupita dakika kumi mume wangu akapiga. "Mama Neema, waifai ya hapo nyumbani imekatika?" Nikamjibu haraka haraka, "Hapana, ipo." Akasema, "Haya, nilikuwa nauliza tu," akakata. Nikabaki na simu sikioni. Mtu yuko Namanyere, waifai ya Milanzi inamhusu nini?

Waifai yetu haifiki mbali, basi nikazunguka nyuma ya nyumba. Kuna pagala la jirani limepakana na ukuta wetu. Nikachungulia, nikamwona mume wangu kakaa juu ya tofali, kajikunyata ndani ya koti, na upepo wetu wa mwezi wa saba mnaujua. Anaigeuzageuza simu kutafuta mtandao. Sikumwita. Nikarudi ndani nikampigia mwenzake wa ghalani. Akasema, "Shemeji, kwani hajakwambia? Tulipunguzwa kazi tangu mwezi wa tano."

Nikaifungulia simu yake. Jioni aliporudi nikamwambia pole na kazi, akaitikia, "Asante, leo mizigo ilikuwa mingi." Nikaenda kulia jikoni. Kesho yake nikaihamishia ruta kwenye dirisha la nyuma ili imfikie vizuri, nikamdanganya kwamba pale sebuleni ilikuwa inapata joto. Nina hasira naye kwa kunifanya mjinga miezi yote hii, halafu hapo hapo namwonea huruma. Silali vizuri, sili vizuri.

Sasa jana baba mkwe kapiga simu kutoka Mwimbi. Ijumaa anakuja na debe la ulezi, na Jumatatu anataka apande basi na mwanawe akalione hilo ghala, maana kule kijijini hana wimbo mwingine. Mume wangu akaongea naye mbele yangu. "Shikamoo baba. Karibu sana, tutaenda wote." Alipokata akabaki anaitazama simu. Nikajifanya natafuta kijiko.

Nishaurini, wenzangu, Ijumaa ni keshokutwa. Nataka nimwambie najua kabla mzee hajafika, asije akaaibika mbele ya baba yake hiyo Jumatatu. Lakini kila alfajiri nikijiandaa kusema, yeye keshavaa koti yuko mlangoni, na mdomo wangu unamwambia, "Safari njema."